Spika Mbili za Shemeji

Mtaani walimwita Sikio, na jina hilo hakuliokota njiani. Chumba cha mbele cha nyumba yake kilikuwa karakana, na humo alizeeka akifungua spika za watu. Kazi aliyoipenda kupita zote ilikuwa kubadili krosova, kile kibao cha ndani kinachogawa sauti: nzito ziende spika kubwa, nyembamba ziende twita, ile ndogo ya juu. Vipande vya kiwandani aliving'oa akavitupa jalalani, akafunga vyake. Mteja akisitasita, jibu lilikuwa moja: "Yape masikio muda, yatazoea."

Siku hiyo akaingia shemeji yake, mdogo wa mkewe, amekumbatia spika kama mtoto mgonjwa.

"Shemeji, hii uliyoitengeneza inanitoboa kichwa. Nyumbani tunasikiliza ile ambayo hujaigusa."

Sikio akacheka. "Masikio yako yameota kutu. Lete na hiyo nyingine, dada yako aamue."

Zikawekwa sambamba mezani, wimbo uleule ukapigwa kwa zamu. Kwake Sikio, ile ya kiwandani ilikuwa kama mtu anaimba ndani ya blanketi. Mkewe akatoka jikoni akijifuta mikono, akasikiliza, akakunja uso.

"Hii ya zamani inaimba. Hii yako, baba watoto, ni filimbi ya refa."

"Wapi! Ya zamani twita yake imekufa." Akachomoa waya wa spika kubwa, ikabaki twita peke yake, akaitegea sikio. Kimya. Akatega la pili. "Si mnaona? Imekufa."

"Acha utani, shemeji! Si hiyo inalia?"

"Inalia," mkewe akasema polepole. "Naisikia mpaka huku mlangoni."

Sikio akaongeza sauti. Mkewe akaziba masikio. Yeye hakusikia kitu.

Hapo ndipo alipoelewa, ndugu zangu. Kumbe masikio yalikuwa yakififia mwaka hadi mwaka, naye akidhani ni spika, akizidi kuziachia twita zipige kelele. Kwaya, ukumbi wa harusi, kinyozi wa pale kona: kote huko ameharibu, akijua anatengeneza.

"Na wengine wamelalamika?"

Shemeji akatazama sakafu. "Watu wanakuheshimu. Kinyozi kabandika kitambaa tu juu ya twita. Kwaya wao wameweka sponji."

Sikio akawasha pasi ya kulehemu, angalau hii moja airudishe ilivyokuwa. Vipande vyake vya kiwandani vilishakwenda na taka. Akabahatisha kwa alivyonavyo.

"Vipi sasa?"

"Bado kali."

Akabadili tena. "Na sasa?"

Mkewe na mdogo wake wakatazamana.

"Hapo sawa," mkewe akasema, akamshika bega.

"Sawa kabisa, shemeji!" mdogo mtu akadakia mbiombio.

Sikio akawatazama usoni, mmoja baada ya mwingine. Ndivyo na wateja walivyomwambia siku zote, kwa upole huohuo. Akachomoa pasi ukutani, akakaa.