Wazee Saba kwenye Njia ya Hekalu

Mimi nikilipenda gemu, nalipenda, sina nusunusu. Nikisema ni zuri, ni zuri, na anayebisha aje na sababu, asije na mdomo mtupu. Ndivyo nilivyokuwa nikiwaambia wachezaji wangu pale Singida mjini, kwenye chumba changu cha gemu kilichopakana na duka la baba, ukuta mmoja. Kabla yangu kilikuwa ghala la magunia ya alizeti. Baba alinipa baada ya mimi kumaliza chuo na kukaa nyumbani miaka miwili nikiandika barua za kuomba kazi. Akaweka sharti mbele ya mama: msimu wa alizeti ukifika, atakuja mwenyewe kukiangalia. Akikuta hakina heshima, magunia yanarudi, na mimi naenda kukaa kwa shangazi Manyoni kumsaidia mgahawani.

Kwa shangazi sikutaka kwenda, nasema wazi. Shangazi yangu ni mtu mwema, ila pale ningekuwa mtoto wa kutumwa mpaka nizeeke. Hapa nilikuwa na mashine mbili, runinga mbili, viti vya plastiki na zulia la mama la zamani, na watu wakiingia walikuwa wananiuliza mimi. Hicho chumba ndicho kilichonifanya niwe mtu.

Gemu lililoleta maneno lilikuwa la Kijapani. Humo unakuwa binti anayehudumia hekalu la kijiji, juu ya kilima. Amevaa nguo nyeupe juu na sketi nyekundu ndefu chini. Kila asubuhi anafagia ua, anachota maji, anawasha moto wa hekalu, anapiga kengele. Akifanya yote kwa mpangilio anapata nguvu, na pepo wakishuka kutoka mlimani anapambana nao kwa upinde. Maandishi yalikuwa ya Kiingereza, kwa hiyo nilisimama nyuma ya mchezaji nikimtafsiria kwa sauti, na sauti yangu, mama husema, haihitaji spika.

Maoni yalikuwa mengi kuliko wachezaji. Kijana wa bodaboda aliyekuwa akiegesha nje alilikataa tangu siku ya kwanza.

"Dada, yaani niache abiria stendi nije kushika ufagio?"

"Fagia kwanza. Kupigana kupo."

"Nyumbani kwenyewe sifagii!"

"Ndiyo maana hujaoa," nikamwambia, na chumba kizima kikamcheka.

Msusi wa saluni ya jirani yeye alilipenda mno, ila alikuwa na kesi moja na hao Wajapani: nywele za yule binti. Kila akishika pedi ya kuchezea alianza kulalamika kwamba mtu hawezi kupigana na pepo na nywele zimeachwa hivyo mgongoni, nani kamsuka, upepo wa Singida ungemmaliza siku moja. Halafu anacheza saa mbili bila kunyanyuka.

Mtu ambaye maoni yake niliyaheshimu alikuwa mkulima mmoja wa Iguguno, Mnyiramba mpole, mwanakwaya wa kanisa lao. Alikuwa akimletea baba alizeti, na wakati anasubiri mizani alikuja kukaa kwangu. Yeye alisema gemu lile limetengenezwa na watu wanaojua kazi. Ua usipofagiwa, alisema, hata mgeni anaona haya kuingia. Hakuwa na haraka ya vita. Alichota maji yake taratibu, akafagia kila jani. Na pamoja na hayo yote, ndiye aliyeshindwa kuliko wote.

Wote walikuwa wanashindwa, ila yeye alizidi. Sababu ilikuwa wazee.

Kutoka nyumbani kwa yule binti mpaka hekaluni kuna njia, na kwenye njia wamekaa wazee saba. Mmoja anakoka moto, mmoja anashona kikapu, bibi mmoja yuko kizingitini kwake anapunga hewa. Ukiwakaribia, kitufe kinatokea: unaweza kusalimia. Binti anainama, mzee anajibu, anaeleza habari zake. Lakini kila salamu inasogeza jua. Ukiwasalimia wote saba, unafika hekaluni jua limepanda, saa ya moto imepita. Ikitokea hivyo siku tatu mfululizo, pepo wanashuka, kijiji kinakwisha, unaanza upya.

Basi jamani, hakuna mchezaji wangu aliyeweza kumpita mzee. Hakuna! Hata yule wa bodaboda, ambaye barabarani anapita kila mtu kulia na kushoto, akifika kwa bibi wa kizingitini kidole chake kilibonyeza chenyewe. Nilipomwambia ampite, alinigeukia na macho makubwa.

"Nimpite bibi wa watu hivi hivi? Kaniangalia, dada!"

"Ni picha hiyo."

"Picha, lakini kaniangalia."

Mimi nilienda kusoma kwenye ukurasa wa mtandaoni ambako wachezaji wa dunia nzima wanaacha maoni yao. Kulikuwa na malalamiko ya kila aina: vita vichache, kufagia kwingi, muziki unaleta usingizi. Juu ya wale wazee hakuna aliyelalamika. Nikajua wenzetu wanawapita tu, hawana habari nao. Siku hiyohiyo nikacheza mwenyewe, nikawapita wote saba mbio, nikawasha moto mapema, nikamaliza sura nzima kwa mkao mmoja. Nilijisikia mjanja wa mkoa. Nikaandika maoni yangu kwa Kiswahili, asiyeelewa akajifunze: gemu ni zuri, halina kasoro, kasoro ni ya mchezaji anayepoteza muda na salamu. Wapite wazee, washa moto.

Nilipoyasoma kwa sauti chumbani, yule mkulima wa Iguguno aliweka pedi chini polepole.

"Hapana, dada," akasema. "Gemu ni zuri, lakini hapo limekosea. Mtu gani anaamka, anapita wazee saba, halafu anakwenda kuomba? Anaomba nini?"

"Moto utazimika, kaka yangu!"

"Basi uzimike."

Tukabishana mpaka mizani ikawa tayari, na baba akatuma mtu kumwita. Sikushawishika hata kidogo. Nilimwona ni mtu mzuri asiyejua kucheza.

Msimu ukafika. Magunia yakaanza kupangwa mpaka kwenye baraza ya duka, na mchana mmoja, tukila, mama akaniambia bila kuinua macho kwenye sahani: "Baba yako anakuja kwako baada ya Alasiri. Kuna mtu kamwambia msikitini unawafundisha watoto wa watu kuabudu mizimu. Jipange."

Nikajipanga. Wallahi nilijipanga kama mtu anayekwenda mahakamani. Nilikuwa na hoja ya kwanza mpaka ya tano: kwamba ile ni hadithi, kwamba hakuna anayesali mle, kwamba binti yule ni mchapakazi kuliko mabinti wengi wa mtaani kwetu nikiwemo mimi. Nilipiga deki chumba mara mbili. Kelele za mlango, nikajiambia, hazimkoseshi mwenye nyumba usingizi.

Baba akaja na kanzu yake na kofia. Mkulima alikuwepo, msusi alikuwepo, na yule wa bodaboda na wenzake wawili. Wote wakasimama kama wameitwa na kengele, shikamoo zikamwagika, baba akaitikia moja moja, mimi nikihangaika kuwasha mashine. Akakalia kiti cha plastiki karibu na runinga.

"Nionyeshe."

Nikashika pedi mwenyewe, sikutaka mtu aniharibie. Binti akatoka nyumbani. Nikampita mzee wa moto, nikampita wa kikapu.

"Simama," baba akasema. "Yule aliyekaa pale ni nani?"

"Mzee wa kijiji, baba."

"Umempita."

"Ndiyo, baba. Ukimsalimia jua linasogea, halafu moto wa..."

"Na wa kabla yake?"

"Nimempita pia."

Msusi akaanza kuchunguza kucha zake.

"Rudi," baba akasema. "Wasalimie."

Nikarudi. Nikawasalimia wote saba, mmoja baada ya mwingine, huku natafsiri. Bibi wa kizingitini alikuwa na hadithi ndefu ya magoti yake, na nilipotaka kuikatisha baba akainua kidole: "Mwache amalize." Tukafika hekaluni jua liko juu, majivu yamepoa. Siku ya pili vilevile. Siku ya tatu pepo wakashuka, kijiji kikaisha, runinga ikawa nyeusi. Nilimwona yule mkulima anatabasamu kwa pembeni, na nilimchukia kidogo.

"Umeona, baba? Tumeshindwa."

"Nimeona."

Nikavuta pumzi, nikaanza hoja ya kwanza. "Sasa baba, hiyo habari ya mizimu..."

"Mimi nimekuuliza mizimu?" Sauti yake haikupanda. "Aliyeniambia hayo nilimjibu palepale, kwamba binti yangu namjua. Chumba kaa nacho. Nimeona wenzako walivyosimama nilipoingia. Kina heshima." Akamgeukia mkulima. "Magunia yako tutayapanga uani, humu hamna nafasi."

Nilitaka kuruka. Haki ya Mungu, nilishajiona nakwenda kununua mashine ya tatu. Yule wa bodaboda alinikonyeza. Lakini baba hakunyanyuka. Aliweka mkono wake ukutani, ule ukuta wetu mmoja, akaupapasa kama anatafuta ufa.

"Mimi nakaa upande wa pili wa hapa," akasema. "Kila asubuhi nakusikia unafungua, unapita mlango wa uani. Nakusikia unavyocheka na hawa, unavyowaelekeza, na nafurahi. Kila siku nasema, leo atapita dukani kwanza. Sasa nimechoka kusema. Tangu Idd, mwanangu. Tangu Idd sijapata shikamoo yako."

Nilikuwa na jibu, mimi sikosi jibu. Kwamba yeye anatoka alfajiri kabla sijaamka. Kwamba dukani salamu moja inazaa maswali kumi mbele ya wateja, kazi umepata, mchumba yuko wapi, na mimi nachelewa kufungua. Lilikuwa jibu la kweli kabisa. Lakini nilimtazama mzee yule kwenye kiti changu cha plastiki, amekuja kwa mtoto wake kama mteja, na nikaona aibu mpaka masikio yakaniwaka.

Nikaweka pedi chini. Nikapiga goti kwenye zulia, mbele yao wote.

"Shikamoo, baba."

Akaondoa mkono ukutani. Alinitazama kwanza.

"Marahaba, mama," akasema. "Umeamkaje?"

Ilikuwa inakaribia saa kumi na moja jioni. Nikakaa hapohapo chini, miguuni pake, nikaanza kumweleza nilivyoamka.