Matanga ya Tusajigwe

Asubuhi ile ya mwisho Tusajigwe alimenya ndizi kama siku zote, kisu kikienda na mdomo ukienda. Nje mvua. Mumewe, mzee Andongwisye, alikaa karibu na moto akinung'unika kwamba sufuria ni kubwa mno kwa wateja wa sokoni.

"Nusu si za wateja, Baba Tulia. Unajua, halafu unauliza."

Alijua. Miaka yote mkewe aliwalisha waliolala chini ya meza za soko la Tukuyu. Akifika huwaamkia, "Mugonile?", mmelalaje, na jibu alilingoja. Wiki ile ikaja amri: marufuku kulala sokoni wala kwenye baraza za maduka. Mgambo wakabeba maturubai ya waliolala humo. Tusajigwe akawafuata.

"Wanangu, turubai mmechukua. Na mvua je, mnaiacha?"

Walicheka, wakaondoka nayo.

Mchana wa siku ile ya ndizi alianguka sokoni, kando ya sufuria. Hakuamka tena.

Msiba ukawa kwao, Bulyaga. Majirani walitandaza majani makavu ya migomba uani, watu wakalala hapo kama desturi. Wa sokoni nao wakaja, mbele yao Meshaki, mbeba mizigo. Mgambo walipita, wakavua kofia, wakaenda zao. Nani afukuze watu matangani?

Siku ya kuanua matanga, Nsajigwa, mdogo wake Andongwisye, alisimama. "Kaka, tuwaage watu. Tumelia vya kutosha."

Andongwisye akatazama uani. Meshaki alishaanza kukunja gunia lake, mvua ikimtazama.

"Mimi bado," akasema.

"Mwe! Matanga ya mwezi mzima? Watu watasema umechanganyikiwa."

"Waseme. Aliyefiwa na mke ni wewe au mimi?"

Nsajigwa akakaa. Mfiwa hasukumwi. Meshaki akakunjua gunia.

Mpaka leo moto wa msiba unawaka uani. Andongwisye humenya ndizi mwenyewe, vibaya, akijikata vidole. Mara hugeuka amwambie mtu kwamba sufuria ni kubwa mno. Hakuna mtu. Hapo humrudia maneno ya mkewe asubuhi ile, alipokuwa mlangoni, sufuria kichwani:

"Baba Tulia, nikichelewa usifunge mlango. Wale wa sokoni nimewaambia waje."