Joto la Ushanga

Mimi ni mtu wa kurudia. Nikifunga mlango, narudi kuutikisa. Ufundi wa redio nilijifunza peke yangu, kwa kufungua redio mbovu nilizonunua soko la Keumbu, na hata redio iliyokwisha kupona niliifungua tena ili nihakikishe. Cheti sikuwa nacho. Kwa hiyo nilipochukuliwa kwa majaribio, mwanzoni mwa miaka ya sabini, katika kituo cha kupitisha simu kwa mawimbi juu ya kilima, ng'ambo ya Ekerenyo, niliishi kwa hofu kila siku.

Mkuu wa kituo, Mjaluo wa makamo, hakunificha kitu. "Ijumaa utapima nguvu ya mtambo peke yako. Wenzetu wa kilima cha pili watapima inayowafikia. Hesabu zikikubaliana, unabaki. Zikikataa, omera, ndugu yangu, rudi kwa redio zako."

Ijumaa! Sisi ni Wasabato. Jua likizama, kazi imekwisha, na baba alikuwa ameshaniuliza kama mzungu wa simu, ndivyo alivyowaita waajiri wangu, ana Sabato yake.

Kichwa cha kupimia, kifaa cha chuma kinachopokea mawimbi na kuungwa na mita kwa waya, kilitosha kiganjani. Ndani yake mlikuwa na ushanga mdogo kuliko mbegu ya sukuma wiki, nao ndio ulionipokonya usingizi. Mita huupasha ushanga huo joto kidogo. Mawimbi yakiingia, nayo huuongezea joto lao. Basi mita hupunguza lake kadiri ileile, ili ushanga ubaki ulivyokuwa. Kile ilichopunguza ndicho kipimo. Niliposoma hayo mara ya kwanza niliweka kitabu chini nikatoka nje. Kitu kisichoonekana wala kusikika, kinachovuka mabonde na mashamba ya chai kikiwa kimebeba maneno ya watu, kilikuwa kinapimwa kwa kuulizwa tu: umeleta joto kiasi gani?

Siku ilipofika, nilizima mtambo, nikafunga kichwa mahali pake, nikaurudisha mshale wa mita kwenye sifuri. Ukahama. Nikaurudisha. Ukahama tena, polepole, kama konokono anayejua aendako. Nilikagua waya, nikakaza kila nati. Waya ulikuwa mzito, nami niliogopa usikivute kichwa kikalegea, kwa hiyo nilikishika kwa mkono wa kushoto huku nikirekebisha kwa wa kulia. Kadiri nilivyokishika vizuri ndivyo mshale ulivyozidi kunitoroka. Dirishani kivuli cha mnara kilikuwa kimeshafika kwenye migomba ya jirani.

"Jaduong'," nikamwita mkuu, yaani mzee kwa Kijaluo, "mita imeharibika."

Akaja, akautazama mshale, kisha akautazama mkono wangu. Akacheka mpaka akashika meza.

"Unakiatamia kama kuku! Unataka kitotoe vifaranga?"

Nilikiachia kama niliyeungua. Kumbe ushanga ule ulikuwa unanihisi. Joto la kiganja changu, jasho la hofu yangu, vyote vilipenya chuma na mita ikavionyesha. Niliona haya, lakini mshangao ulikuwa mkubwa kuliko haya. Sikuwahi kukutana na kitu kinachosikiliza namna hiyo.

Alichukua kipande cha jiwe la sabuni, lile jiwe laini la kuchongwa, kilichokuwa kikizuia mlango, akakiweka chini ya kichwa kibebe uzito wa waya. "Sasa kaa mbali. Jiwe na chuma vizoeane, joto lilingane."

Kungoja ndiko kulikonitesa. Jua lilikuwa linashuka, na vidole viliniwasha kwa hamu ya kugusa. Niliketi juu ya mikono yangu, kweli kabisa, kama mtoto kanisani. Mshale ukapunguza mwendo. Ukasimama.

Nikauweka kwenye sifuri mara moja tu. Nikawasha mtambo. Mshale ukapanda taratibu, ukatulia, wala haukutikisika, nami nikajikuta nanong'ona kama mtu aliye mbele ya madhabahu.

Niliwasomea wenzetu wa kilima cha pili hesabu kwa simu ya kituo. Wakakokotoa kiasi kinachopotea njiani, wakailinganisha na yao. Ulimi uliniwasha niombe nipime tena, nikauuma.

"Zinakubaliana," sauti ikasema.

Mkuu akakata simu. Nje, mwanga ulikuwa umebaki kwenye vilele vya vilima tu.

"Kimbia, baba yako asije kunilaumu mimi," akasema. "Na Jumatatu uje na koti zito. Huku juu asubuhi ni baridi, na wewe utakuwa unafika wa kwanza."