Gauni la Sabufa

Sabufa ya mama ilizima Jumamosi saa nane mchana, na kesho yake saa tatu asubuhi kwaya yake ingesikika redioni. Walirekodiwa kanisani kabla magoti hayajamgomea kupanda kilima, na yeye yumo, sauti ya pili. Miaka yote aliyoimba hakuwahi kuisikia sauti yake mwenyewe hata mara moja. Kiredio cha mkononi masikio yake hayakipati tena. Sabufa, yenye redio ndani yake, ndiyo pekee anayoisikia.

Mimi ndiye niliyeinunua Bomang'ombe, na mimi ndiye niliyeishonea gauni. Nyumbani kwetu Masama kitu cha umeme hakikai uchi. Televisheni ina kitambaa chake, friji ina chake. Basi sabufa nikaishonea gauni la kitambaa cha pazia, lenye lesi, likaifunika juu, ubavuni na mgongoni ili vumbi lisiingie. Nililionea fahari sana.

Sasa nikaanza kuhangaika. Nilichomeka simu kwenye soketi, ikapata chaji, umeme upo. Nikachokonoa plagi, nikabadili betri za rimoti, nikabonyeza kila kitufe. Taa nyekundu, wapi! Hasira zikanipanda, nikaizaba kofi. Mama alikuwa anamenya ndizi za mtori. Akaweka kisu chini.

"Sasa umempiga ili iweje?"

"Mama, imekufa. Na fundi ni mpaka Jumatatu."

"Ng'ombe akigoma kula, unampiga?"

Nikajua yanayokuja. Mama haiti daktari wa mifugo kabla hajamaliza maswali yake mwenyewe: amekula nini, amelala wapi, tangu lini. Akishamaliza, humshika ng'ombe masikio kupima joto. Alijikongoja na fimbo yake, akavuta kigoda, akaanza. Ilipozima ilinuka? Haikunuka. Ilikoroma? Haikukoroma. Imewashwa tangu lini? Hapo alijijibu mwenyewe, kwa sauti ya chini: tangu jana alfajiri, maana aliogopa akiizima stesheni itapotea. Kisha akapenyeza mkono chini ya gauni, mgongoni.

"Huyu ana homa," akasema. "Mvue nguo."

Nilitaka kubisha, lakini nikaivua. Nyuma kulikuwa na matundu ya kutolea joto, na yote nilikuwa nimeyaziba kwa ushonaji wangu mzuri. Bati lilichoma kiganja. Mama akaniamuru niichomoe, niiweke juu ya matofali mawili karibu na dirisha, nisiiguse mpaka tumalize kukamua.

Tulipomaliza, nikaiwasha. Taa ikawaka.

"Aika," mama akaiambia, ile asante anayompa ng'ombe akishatoa maziwa. Mimi na cheti changu cha chuo nilisimama pale na ndoo mkononi, nikimstaajabia mama yangu mpaka nikasahau kuona aibu.

Jumapili sabufa iliimba ikiwa uchi. Mama aliweka kiganja juu yake, akainamisha kichwa.  Wimbo wa pili ulipokaribia kwisha, akaniminya mkono.

"Huyo anayechelewa kidogo kumalizia, umemsikia?"

"Nimemsikia, mama."

"Ni mimi." Alikuwa anacheka huku machozi yakimtoka. "Miaka yote hiyo, na hakuna aliyeniambia."