Nyonga ya Mama

Nilipokuwa mdogo hapa mtaani Kianda, hakukuwa na wazee. Mtu akianza kushika kiuno alipandishwa basi la kwenda ushago, kijijini kwao, akaangukie huko kama ni kuanguka. Siku hizi wazee tunao, kwa sababu shamba liligawanywa likaisha, au kwa sababu wao ndio wanaolea wajukuu. Katika ploti yetu pekee, wamama watatu wamevunjika nyonga tangu mvua za mwaka juzi. Wa tatu ni mama yangu.

Aliteleza mlangoni akienda kuanika nguo. Hospitali aliikataa kabisa, akisema wanaopasuliwa nyonga hawarudi. Nami sikubishana naye, kwa maana kwetu mfupa hukandwa kwanza. Nilienda Kabiro nikamleta mkandaji, mwanamke ambaye mikono yake inasifiwa hadi huku.

Alimtazama mama alivyolala, mguu mmoja umefupika na unyayo umegeukia nje. Hakumgusa. Aliniita kando, nje.

"Zamani nilikuwa naletewa watu wa mpira," alisema. "Siku hizi ni nyonga za wamama tu. Hii si ya kukanda. Mpeleke hosi."

"Jaribu tu, mathe. Anaogopa."

Sikio la kufa halisikii dawa. Nilimsihi mpaka akakubali, kisha nikaingia ndani nikamwambia mama ni mshtuko wa mishipa, utaisha.

Alikandwa wiki mbili kwa mafuta ya moto. Mimi ndiye niliyemshika mabega, na nilisikia mfupa ukisagana mle ndani. Mpaka leo nikichagua mawe kwenye mchele nausikia, naacha kazi, natoka nje. Homa ilipompanda tulienda hospitali, tukaambiwa tumechelewa. Mama hajasimama tena.

Jumapili iliyopita jirani alikuja mbio. Mamake alikuwa ameanguka bafuni, naye alitaka namba ya mkandaji. Mama alikuwa kitandani, nyuma ya pazia linalogawa chumba chetu.

"Mguu umefupika?" nikamuuliza.

"Eeh, na umegeuka."

"Basi amevunjika. Mpeleke hosi saa hii. Hata mkandaji atakuambia hivyo. Mimi aliniambia siku ya kwanza."

Jirani akaondoka. Nilibaki nimeshika mlango, naogopa kugeuka.

"Siku ya kwanza?" mama akauliza.