Walitupa

Uamuzi bado haujatoka, na simu ikilia mimi nashtuka. Nieleze kilichotokea.

Mimi ni katibu wa kanisa letu la Mugutha. Kuna tajiri wa Ruiru anayejenga nyumba za kuuza, na anadai uwanja wa kanisa hauna mwenyewe. Hati hatuna. Tulichonacho ni historia ya kanisa, kwenye daftari la shosho, yaani nyanya yangu. Zamani aliwapikia Waswidi waliohamia huku kulima kahawa. Wao ndio walioanzisha hilo kanisa, wakaomba humo pamoja na wafanyakazi wao, kisha wakarudi kwao.

Basi nilisimama mbele ya afisa wa ardhi, pale Thika. Nikasoma: "Waswidi walipoondoka, walitupa shamba na kanisa."

Wakili wa tajiri akainuka mbio. "Asante, mama. Walitupa. Kitu kikitupwa, si hakina mwenyewe?"

Ngai! Hiyo sentensi tumeisoma kila sherehe na hakuna mtu aliwahi kuisikia hivyo.

"Ni walitupatia!" nikafoka. Mimi nikiogopa huwa nafoka. "Hata mtoto anajua!"

"Basi mbona hakuandika walitupatia, vile sisi wote husema?"

Niliona tingatinga likiingia madhabahuni, na washirika wakiniuliza mimi kwa nini nilisoma.

Afisa akasema aliyeandika yupo, tumuulize yeye. Shosho alikuwa ameketi kando yangu. Hapo ndipo hofu ilinishika kabisa, kwa sababu shosho hajui kudanganya, hata kwa faida ya kanisa.

"Shosho, tafadhali," nilimnong'oneza, "sema walitupatia. Hilo tu."

Akautoa mkono wangu begani mwake.

"Hawakutupatia," alimwambia afisa. Nilifunga macho. "Walitupa, vile mtu hutupa maganda. Nilipoandika nilikuwa na hasira. Waliondoka Jumamosi bila kutuaga, na Jumapili tukaja kuomba kama kawaida. Hatujawahi kukosa Jumapili hata moja."

"Kwa hivyo unakubali walitupa," wakili alisema.

"Nakubali. Walitupa kanisa na sisi tukiwa ndani. Sasa wewe niambie, huyo tajiri wako alituokota lini?"