Sangari katika Kihamba cha Yuditha

Jumamosi, tarehe 14 Machi 1992, Yuditha alijificha nyuma ya mgomba tangu saa kumi na moja na nusu alfajiri hadi saa moja kasorobo, alipomwona shemeji yake Elisaria akivuka masale, mimea iliyopandwa mpakani, na kuinama kwenye mibuni yake.

Mjane huyu wa Marangu hakuwa na mtoto wa kiume. Wazee wa ukoo walikuwa wamemwambia wazi: kahawa ikimshinda, kihamba cha marehemu mumewe, yaani shamba la ukoo, atapewa Elisaria, ndugu wa marehemu. Na tangu mvua za vuli mibuni ilikuwa ikidhoofu, ikisongwa na sangari. Nyasi hiyo ni ya asili ya nchi yetu; kandokando ya barabara na mifereji haimdhuru mtu, tena ng'ombe huipenda. Ikiingia shambani hugeuka adui, kwa kuwa kila kipande cha mzizi wake mweupe huchipua upya. Yuditha hakuwa na shaka juu ya mkono ulioipanda.

"Unapanda nini, shemeji?"

Elisaria alishtuka, akasukuma kitu ndani ya koti.

"Sipandi, nang'oa. Imeshavuka kwangu."

"Mwizi naye husema alikuja kufunga mlango."

"Na wewe uliyejibanza mgombani kama fisi, ulikuja kusali?"

"Fungua koti."

Alifungua. Ndani mlikuwa na mizizi mitupu, bado ina udongo.

"Mbegu hiyo!"

"Ningekuwa naipanda mimi, ningeanzia huku mpakani. Hebu tazama inapoota."

Yuditha hakutaka kutazama, lakini alitazama. Mpakani palikuwa na majani ya kuhesabika. Penginepo sangari ilizunguka kila shina kama kata ya kichwani, pale pale alipomwaga samadi. Kiangazi kilichotangulia, malisho yalipoadimika, alikuwa akiteremka tambarare za Kahe, ambako wakulima walimpa bure sangari waliyoichimbua mashambani mwao. Ng'ombe alikula majani. Mizizi ilibaki kwenye matandiko ya banda. Naye aliizoa ingali mbichi, akaipeleka kwenye kahawa kwa mikono yake mwenyewe.

"Uliligundua lini hili?" aliuliza.

"Krismasi."

"Mbona ulinyamaza?"

"Ungeniamini?"

"Au ulisubiri mibuni ife?"

Elisaria alifunga vifungo vya koti, kimoja kimoja, akavuka masale kurudi kwake.

Jumatatu Yuditha alianza kuichimbua mizizi na kuianika juu ya bati hadi ikatike kama kuni. Kutoka Kahe hakupandisha tena ila majani yaliyokatwa kwa mundu. Elisaria alipokuja na jembe kumsaidia, Yuditha alimshukuru, akamwomba abaki upande wake wa masale.

Mwaka mmoja baadaye, Machi 1993, wazee walikagua mibuni, wakaikuta imestawi, wakamwachia Yuditha kihamba. Aliyesimama wa kwanza kumtetea alikuwa Elisaria. Yuditha bado anajiuliza alikuwa akitafuta nini.